WhatsApp, Telegram au Signal: unamficha nani?

Januari 2021, WhatsApp ilipotuwekea kwenye skrini tangazo la masharti mapya ya faragha na kutupa hadi Februari 8 tuyakubali, kikoba chetu kilihama. Mwanachama mmoja alileta sauti iliyokuwa ikizunguka kwenye magrupu, kwamba sasa Facebook watasoma ujumbe wa kila mtu. Haikuwa kweli. Masharti yale yaligusa zaidi mazungumzo na wafanyabiashara, na tarehe yenyewe ilisogezwa hadi Mei 15. Lakini hofu haingoji maelezo. Ndani ya siku mbili orodha ya mikopo, picha za miamala na majina ya waliochelewesha marejesho vilikuwa Telegram, nasi tukalala tukijiona tumejisitiri.

Mimi ndiye katibu, na grupu lile jipya nililifungua mimi. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba kwa jambo tulilolikimbia, yaani mtu wa katikati kuweza kusoma maandishi yetu, tulikuwa tumetoka chumbani tukahamia ukumbini.

Tangu hapo, kila anayeniuliza ipi ni salama kuliko nyingine namrudishia swali: unamficha nani? Mwizi wa simu? Mume? Bosi? Kampuni ya matangazo? Dola? Programu inayomzuia mmoja wao inaweza kumwachia mwingine mlango wazi. Nitazilinganisha programu hizi tatu za ujumbe kwa swali hilo, na pale zinapofanana sitapoteza muda wako.

Maandishi yenyewe

Kusimba ujumbe ni kuugeuza fumbo kabla haujatoka kwenye simu yako, na ufunguo wa kulifumbua uwe kwenye simu ya unayemwandikia peke yake. Kampuni iliyo katikati hubeba fumbo bila kujua kilichomo. WhatsApp ilikamilisha kazi hiyo Aprili 2016, kwa watu wawili na kwa magrupu, na kufuli ililotumia ni lile la Signal, lililobuniwa na Moxie Marlinspike na Trevor Perrin. Kwa hiyo kwenye maandishi, picha, sauti na simu unazopiga, WhatsApp na Signal zina kufuli la ukoo mmoja. Anayekwambia WhatsApp wanasoma unachomwandikia dada yako anakosea. Ila kumbuka hili: unachomwandikia Meta AI, roboti ya kujibu maswali iliyomo humo ndani, kinafika Meta, kampuni mama ya WhatsApp iliyokuwa ikiitwa Facebook, kwa sababu hapo Meta ndiye unayezungumza naye.

Telegram ni habari nyingine kabisa. Ujumbe wake wa kawaida unasimbwa kati ya simu yako na seva, yaani kompyuta za kampuni, na funguo zinabaki kwa wenye seva. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata ni seva. Ndiyo maana ukinunua simu mpya na kuingia Telegram unayakuta mazungumzo ya miaka yote yamekungoja palepale, bila kuhamisha chochote. Raha ile na udhaifu ule ni kitu kimoja. Kuna sehemu inayoitwa mazungumzo ya siri, ambayo kweli ina kufuli la simu kwa simu, lakini lazima uianzishe mwenyewe kwa kila mtu, na ni ya watu wawili tu. Grupu la Telegram halina kufuli la namna hiyo hata ulitafuteje. Kikoba chetu kilikuwa grupu.

Telegram yenyewe husema funguo zake zimegawanywa katika nchi mbalimbali ili mahakama ya nchi moja isiweze kuzipata peke yake. Hiyo ni ahadi, na ahadi inategemea mtoaji. Agosti 24, 2024 mwanzilishi wake, Pavel Durov, alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Le Bourget karibu na Paris. Mwezi uliofuata Telegram ilibadilisha sera yake na kusema itatoa namba ya simu na anwani ya intaneti ya mtumiaji anayevunja sheria pale mamlaka zitakapoomba kwa njia halali. Simlaumu mtu kwa kutii mahakama. Ninachotaka ukione ni kwamba kilichohifadhiwa kinaweza kudaiwa. Mwaka 2016 mahakama ya Virginia huko Marekani iliidai Signal taarifa za mtumiaji, na Signal ikapeleka ilichokuwa nacho: siku akaunti ilipofunguliwa, na siku ya mwisho ilipounganishwa na seva. Hawakukaidi, hawakuwa na kingine.

Hapo ndipo mjadala mkubwa wa Ulaya ulipo sasa. Mei 2022 Kamisheni ya Umoja wa Ulaya ilipendekeza sheria ambayo ingezilazimisha programu za ujumbe kukagua picha na maandishi ili kunasa unyanyasaji wa watoto. Lengo hakuna mzazi asiyelitaka. Lakini ili mtu akague, lazima aone kabla fumbo halijafungwa, na tundu lililotobolewa kwa ajili ya polisi mwema halina macho ya kumtambua mbaya. Meredith Whittaker, rais wa Signal, alisema wataondoka katika soko hilo kuliko kutoboa. Nchini Uingereza, Februari 2025, kampuni ya Apple iliondoa ulinzi wake mkubwa zaidi wa data za wateja baada ya serikali kutaka iweze kuzifikia. Haya yanatuhusu sisi wa Bunju na Buguruni kwa sababu programu ni zilezile. Hatuna WhatsApp yetu na wao yao.

Jirani aliyekaa barazani

Chukua jirani aliyeketi barazani kwake kutwa nzima. Hasikii mnachozungumza ndani. Ila anajua nani ameingia, saa ngapi, amekaa muda gani, na ametoka amenuna au anacheka. Baada ya mwezi mmoja jirani huyo anajua mambo yako kuliko shemeji yako.

WhatsApp ni jirani huyo. Maandishi haisomi, lakini inajua namba yako, kitabu cha namba ulichoiruhusu kukiona, magrupu uliyomo, jina na picha ya grupu, saa unazoingia, aina ya simu, na anwani ya intaneti inayoonyesha takriban uko wapi. Grupu likiitwa "Wanaoishi na VVU Temeke", jina hilo peke yake limeshasema kila kitu, na hakuna haja ya kusoma ujumbe hata mmoja. Kama wewe ni msimamizi wa grupu la aina hii, badilisha jina lake leo. Liite hata "Majirani".

Signal imejengwa kwa makusudi ili isikae barazani. Jina la grupu na orodha ya wanachama seva inavishika vikiwa fumbo. Kitabu cha namba kinalinganishwa kwa namna ambayo wao wenyewe hawakioni. Tangu 2018 wameongeza hata njia ya kuificha seva nani ametuma ujumbe, ikabaki kujua unakokwenda tu. Telegram iko upande wa pili, maana aliye na mtungi hahitaji kukaa barazani.

Kwa nini tofauti hii? Fuata pesa. Brian Acton ni mmoja wa wawili walioanzisha WhatsApp mwaka 2009, mwenzake akiwa Jan Koum. Mwaka 2014 Facebook ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 19. Acton aliondoka huko 2017, na mwanzoni mwa 2018 akatoa dola milioni 50 kuanzisha taasisi isiyo ya faida inayoiendesha Signal. Mtu yuleyule, kufuli lilelile, ila moja inaishi kwa michango na nyingine ni mali ya kampuni ya matangazo. Juni 2025 WhatsApp ilitangaza kwamba matangazo yataingia kwenye ukurasa wa stetasi. Signal nayo ilieleza Novemba 2023 kwamba ikifika 2025 ingehitaji takriban dola milioni 50 kwa mwaka, na kwamba ule ujumbe wa kuthibitisha namba, tunaoupokea na kuusahau, ulikuwa ukiigharimu kama dola milioni 6 kwa mwaka. Faragha ina bei, na mimi napendelea kujua anayeilipa.

Miisho miwili

Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu katika watu wote ninaowajua waliovujiwa siri, hakuna hata mmoja aliyevujiwa katikati ya njia. Wote zilivujia mwishoni, kwenye simu yao au ya mwenzao.

Mweka hazina wetu alipigiwa simu na kijana mwenye adabu sana, akamwita mama, akamwambia kuna namba sita zimeingia kwenye simu yake kwa makosa, amsaidie kumsomea. Akamsomea. Nusu saa baadaye wanakikoba tulianza kupokea ujumbe kutoka kwenye akaunti yake: nimekwama hospitali, nitumie laki moja, nitarudisha jioni. Wawili walituma. Kufuli halikuvunjwa, ufunguo ulitolewa kwa mkono. Kinga yake ipo kwenye programu zote tatu na haina gharama: namba ya siri ya ziada, ambayo hata aliyepata zile sita hawezi kuendelea bila hiyo. WhatsApp na Telegram huiita uthibitishaji wa hatua mbili. Signal huiita kufuli la usajili. Kama umesoma mpaka hapa na hujaiweka, kaiweke kwanza kisha urudi.

Pili ni nakala ya akiba, ile bakapu. Ujumbe wa WhatsApp unasafiri ukiwa fumbo, unafika, kisha usiku simu inaupakia Google Drive au iCloud, na kwa mpangilio wa kawaida nakala ile haikufungwa kwa kufuli lako. Aliyeifikia akaunti yako ya Google anaweza kuitafuta humo. Tangu Oktoba 2021 WhatsApp inakuruhusu kuifunga bakapu kwa nywila yako, lakini lazima uiwashe mwenyewe, kwenye mipangilio ya gumzo, na ukiisahau nywila hakuna wa kukusaidia. Signal kwa miaka mingi haikupakia chochote popote: ukipoteza simu umepoteza mazungumzo. Nilimwona binti mmoja akilia kwa hilo, sauti za marehemu mama yake zilikuwa humo. Septemba 2025 ilianza kutoa bakapu iliyofungwa, na ukiihitaji unaiwasha. Kwa Telegram swali hili halipo, kila kitu kiko kwao. Kama kupoteza ujumbe kunakuuma kuliko kuvujiwa, hapo Telegram inashinda, na si aibu kusema hivyo.

Tatu, vifaa vilivyounganishwa. Mtu akiishika simu yako ikiwa wazi kwa dakika moja, anaweza kuiunganisha na kompyuta yake na kusoma kila kitu akiwa mbali, kwa miezi. Hapa zote tatu ni sawa. Ndoa nyingi zinachunguzwa kwa njia hii, na mabosi nao wameijua. Hata Ukraine, Februari 2025, watafiti wa Google walieleza jinsi wadukuzi wanaoshirikiana na Urusi walivyowatega watumiaji wa Signal waskani msimbo uliounganisha akaunti zao na kifaa cha adui. Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ondoa usichokitambua.

Na nne, aliyepokea. Steshenari ya mtaani kwetu ina namba ya WhatsApp ukutani: tuma picha ya kitambulisho chako cha NIDA, wakuchapie. Sote tunatuma. Picha ile inakaa kwenye kompyuta ya dukani pamoja na vitambulisho vya mtaa mzima, na anayeingia kuchapa barua yake anaviona. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ilitutangulia mwaka 2019. Sheria hizi zinamtaka anayechukua taarifa zako azitumie kwa kazi aliyozichukulia. Lakini sheria haitakuja kuifuta ile picha. Subiri karatasi itoke, kisha futa ujumbe kwa wote, na umwombe kijana afute na faili lililoshuka kwenye kompyuta. WhatsApp inakupa takriban siku mbili na nusu kufuta kwa wote. Telegram haina ukomo: unaweza kufuta pande zote mbili hata cha mwaka juzi, na hilo ni jambo zuri ambalo wenzake wangeliiga.

Machi 2025 viongozi wakubwa wa usalama wa Marekani walikuwa wakijadili kwenye Signal mashambulizi ya Yemen, na mmoja wao akamwingiza kimakosa kwenye grupu mhariri wa jarida la The Atlantic. Kufuli lilifanya kazi yake bila dosari. Lilimlinda na yeye kama mwanachama halali. Kabla hujahamisha grupu lako kwenda popote, soma majina yaliyomo.

Namba yako ndiyo wewe

Tanzania laini inasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 20, 2020. Kwa hiyo mwenye namba yako ana mengi zaidi ya namba. Akianza kuiingiza kama anakutumia pesa, anaona na jina lako.

WhatsApp ilijengwa juu ya namba. Ukiingia grupu la watu mia tatu wanaotafuta vyumba vya kupanga, mia tatu wanaipata. Mpwa wangu aliingia moja la namna hiyo, akaanza kupigiwa simu usiku na wanaume asiowajua, mpaka akabadilisha laini. Telegram inakuruhusu kujulikana kwa jina la mtumiaji na kuificha namba, na imefanya hivyo siku nyingi. Signal iliileta Februari 2024, na tangu hapo namba imefichwa bila hata kuomba. Kwa msichana anayeingia magrupu ya watu asiowajua, hoja hii moja inazishinda zote nilizoandika juu.

Watu na bando

WhatsApp ina zaidi ya watumiaji bilioni 3, na mitandao yetu ya simu inauza vifurushi vyake peke yake. Bando la intaneti likiisha, la WhatsApp linaweza kuwa bado lipo. Shangazi yangu wa Lushoto hana kingine na hatakuwa na kingine. Programu yenye kufuli zuri ambayo mama yako hayumo haiwezi kukupa habari za mama yako. Kwa jamaa walioko Dubai shida ni nyingine: kwa miaka mingi simu za WhatsApp zimezuiwa kule, maandishi na sauti za kurekodi zinapita.

Kuzimwa kwa mtandao hakuchagui. Oktoba 2020, siku za uchaguzi wetu, WhatsApp na Telegram zilifungwa pamoja. Oktoba 29, 2025 ilizimwa intaneti yenyewe, na hapo kufuli zuri na baya vikawa sawa. Ukibaki na ujumbe mfupi wa kawaida, kumbuka kwamba huo hausimbwi simu kwa simu. Mtandao wako unaweza kuusoma. Tuma kuuliza kama mtoto amefika, usitume kingine.

Ningechagua hivi

Familia, wateja, walimu wa shule ya mtoto: WhatsApp, ukishaweka namba ya siri ya ziada na kuifunga bakapu. Usihame kwa sababu ya sauti ya kuforwadiwa.

Matangazo ya msikiti au kanisa, mitihani ya zamani ya wanafunzi, chaneli ya habari, chochote ambacho hata kikibandikwa ukutani hakimdhuru mtu: Telegram, na kwa kazi hiyo hakuna inayoikaribia. Grupu lake linabeba hadi watu 200,000, na aliyeingia leo anasoma ya mwaka jana. Wakenya wakumbuke tu kwamba Novemba, msimu wa mitihani ya KCSE, imewahi kubanwa mwaka 2023 na 2024.

Mgonjwa na daktari wake, mwandishi na anayempa habari, mke anayepanga kuondoka kwenye nyumba yenye kipigo, mfanyakazi anayetaka kusema kinachofanyika ofisini: Signal, pamoja na ujumbe unaotoweka, na simu yenye kufuli ambalo mtoto halijui. Kwa huyu mke naongeza neno. Kuonekana tu kwa Signal kwenye simu kunaweza kumletea maswali, kwa hiyo kama simu inakaguliwa, atumie ya rafiki.

Kikoba chetu tuligawa. Tarehe za vikao na pole za misiba ziko WhatsApp, kwa wote 26. Orodha ya mikopo na majina ya waliokwama viko Signal, kwa watu watatu: mwenyekiti, mweka hazina na mimi, ujumbe ukitoweka baada ya wiki nne, kwa sababu hesabu zenyewe ziko kwenye daftari ndani ya sanduku lenye makufuli matatu. Grupu la Telegram nililifuta lote mwenyewe, na kabla ya kulifuta nilimpigia kila aliyewahi kutajwa humo kuwa hajarejesha, nikamwomba radhi. Mwanachama mmoja aliniuliza nani mwingine alikuwa ameisoma orodha ile. Nikamwambia ukweli, kwamba hilo sikuwa na njia ya kulijua.